Christy Mathewson: Stadi wa Mguu na wa Mkono

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, chuo cha Bucknell, kilichoko katika mji wa Lewisburg, jimbo la Pennsylvania, kando ya Mto Susquehanna, hakikuwa na wingi wa wanafunzi, wala utajiri, wala jina la kukiweka safu moja na Harvard au Yale. Na mtu aliyetafuta fahari ya michezo katika Marekani ya zama zile aghalabu asingelikwenda kuitafuta huko. Lakini mwaka 1898 alijiunga nacho kijana mmoja wa miaka kumi na minane, mzaliwa wa Factoryville katika jimbo lilo hilo, mrefu kupita futi sita, mwenye mabega mapana na nywele za rangi ya dhahabu. Jina lake Christopher Mathewson. Darasani wenzake walimchagua kuwa rais wao, katika kwaya aliimba, na uwanjani alicheza futiboli ya Kimarekani, besiboli na mpira wa kikapu.

Msomaji aliyezoea kandanda yafaa akumbushwe kwamba futiboli ya Wamarekani ni mchezo mwingine kabisa, ambamo mpira wenye umbo la yai hukumbatiwa kifuani na kukimbizwa, na watu kumi na mmoja wa upande huu huwavaa kumi na mmoja wa upande ule kwa vifua na mabega mpaka mmoja arudi nyuma. Zamani zile ulikuwa mkali zaidi, kwa kuwa kuurusha mpira mbele kwa mkono hakujaruhusiwa. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1906. Almuradi timu ya watu wazito iliweza kuisukuma ya watu wepesi kutwa nzima, na vyuo vikubwa ndivyo vilivyokuwa na watu wazito.

Palikuwa na njia moja ya mnyonge kujipatia kitu, nayo ilikuwa mguu. Tangu mwaka 1898, kuupitisha mpira kwa teke katikati ya milingoti miwili na juu ya mtambaa kulileta alama 5, sawasawa na kuufikisha kwa nguvu nyuma ya mstari wa adui. Mpigaji huuachia mpira uanguke kutoka mikononi, na papo hapo unapogusa ardhi na kuanza kudunda huupiga. Akiwahi au akichelewa kitambo kidogo kuliko kufumba jicho, mpira huenda upande. Mpira wa siku hizo ulikuwa mnene na wa duara kuliko wa leo, nao ulidunda kwa adabu zaidi. Lakini kuupiga hivyo huku majitu yakikukimbilia ni kazi ya mtu mwenye moyo mtulivu, na Mathewson alijaliwa utulivu huo.

Mwaka 1899 Bucknell ilikwenda kukabiliana na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, miongoni mwa miamba ya siku zile. Siku hiyo alikuwapo mtu aliyekuwa akikusanya wachezaji wa besiboli kwa ajili ya timu ya Norfolk, katika jimbo la Virginia, naye alikuwa amemwahidi Mathewson dola 80 kwa mwezi. Bucknell ilishindwa vibaya, ila Mathewson alipiga mateke mawili yaliyopita milingotini. Na kwa kadiri alivyosimulia mwenyewe baadaye, yule bwana alifurahi hata akauongeza mshahara ukawa dola 90. Mimi hukipenda kisa hiki kuliko sifa zake nyingi zilizoandikwa, kwa sababu ujira wa mkono uliongezwa na mguu.

Msimu wa 1900 alishinda michezo 20 huko Norfolk na kushindwa 2 tu, na kabla mwaka haujaisha akawa amekwisha kuitwa na timu ya New York Giants. Mwaka 1902 alirudi kwa muda mfupi kwenye futiboli, katika timu ya kulipwa ya Pittsburgh. Lakini futiboli ya kulipwa ilikuwa bado changa na isiyo na uhakika, ilhali besiboli ilikuwa na ligi imara na mishahara. Akachagua besiboli, nasi hatuna haki ya kumlaumu mtu kwa kufuata riziki yake.

Katika besiboli mtupaji husimama futi 60 na inchi 6 mbali na mpigaji mwenye gongo, na kazi yake ni kumhadaa. Mtupo wa kupinda wa mtu wa mkono wa kulia kwa desturi humkimbia mpigaji aliye wa kulia kama yeye. Mathewson alikuwa na mwingine uliopinda kinyume: aliugeuza mkono kwa ndani mpaka kiganja kikatazama nje, na mpira, ukiisha kukaribia, ulipungua mwendo na kuzama ukimwelekea mpigaji. Mtupo huo uliuumiza mkono, kwa hiyo aliutumia mara chache tu katika mchezo mmoja, akiuhifadhi kwa saa ya dhiki. Hapo ndipo ninapomwona tena yule mpiga mateke wa Bucknell, kwani aliyekwisha kujifunza kwamba nafasi ya kupiga huja mara mbili kwa siku hawezi kuwa badhiri wa nguvu zake.

Oktoba 1905, katika kuwania ubingwa wa nchi dhidi ya Athletics wa Philadelphia, alitupa michezo mitatu kamili ndani ya siku sita, na katika yote mitatu wapinzani hawakupata alama hata moja. Mwaka 1908 alishinda michezo 37. Alipostaafu mwaka 1916 hesabu ya ushindi wake ilikuwa 373, na yote ni ya Giants isipokuwa mmoja, aliouvuna kwa Cincinnati, alikokuwa amekwenda kuwa kocha.

Wachezaji wa besiboli walihesabiwa na watu wengi kuwa walevi na wagomvi, kwa hiyo kijana wa chuo, mwenye murua, aliyekataa kucheza siku ya Jumapili, alipokelewa kama hidaya, na magazeti yakamfanya nusu malaika. Hapo yalizidisha. Alicheza karata, na katika dama aliweza kuwakabili watu kadhaa kwa pamoja na kuwashinda, na watu waliomjua walisema alipenda kushinda kuliko alivyoonyesha usoni.

Mwaka 1918 alikwenda Ufaransa akiwa kapteni katika kikosi cha jeshi kilichoshughulikia gesi za sumu, na huko mazoezini gesi ikamfikia. Baadaye akashikwa na kifua kikuu. Wengi wameilaumu gesi moja kwa moja, lakini nduguye Henry alikuwa ametangulia kufa kwa maradhi yale yale kabla ya hapo, kwa hiyo hukumu hiyo ni ya haraka mno. Alifariki Saranac Lake, katika jimbo la New York, tarehe 7 Oktoba 1925, akiwa na miaka 45, akazikwa Lewisburg. Mwaka 1936, walipoteuliwa watu watano wa kwanza wa kuingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli, ni yeye peke yake aliyekuwa amekwisha kufa. Na huko Bucknell jina lake limepewa uwanja, nao ni uwanja wa futiboli.