Magadi, Sirinji na Kivuli: Kambi za Sayansi Kibera na Kawangware

Shule za Nairobi hufunga Agosti, wakati ule ule jamaa zetu walioko Marekani na Uingereza wanapokuja nyumbani na watoto. Ndio msimu wa kambi za sayansi na hisabati katika mitaa kama Kibera na Kawangware, na mchangiaji akiombwa msaada huwa mwepesi kuuliza: tutume kompyuta ngapi?

Lakini pengo lililopo si la kompyuta, ni la kazi ya mikono. Katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, fizikia, kemia na baiolojia kila moja ina karatasi ya tatu, ya vitendo, yenye alama 40. Aliyesoma katika shule ya mabati isiyo na maabara anaweza kufika kidato cha nne hajawahi kushika bureti. Wadogo zake walio kwenye mtaala mpya huchagua mkondo wakiingia Gredi ya 10, na ni vigumu kuchagua sayansi ambayo umeisoma ubaoni tu.

Kambi nzuri huanzia jikoni. Kabeji ya zambarau inachemshwa, maji yake yanachujwa vikombeni. Ukitia ndimu yanageuka mekundu. Ukitia magadi, haya haya ya kulainishia maharagwe, yanakuwa ya kijani. Kisha mtoto anapewa sirinji ya kemisti, anadondosha siki kidogo kidogo kwenye kikombe cha magadi, mapovu yanatoka, na anaandika mililita zilizotumika mpaka zambarau irudi. Hapo amefanya titresheni, bila bureti.

Hisabati nayo iko uani. Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hivyo tarehe 10 Agosti kijiti cha mita moja hutupa kivuli cha kama sentimita 30 adhuhuri, kikielekea kusini. Watoto wakikipima kila dakika tano wanagundua kwamba kivuli kifupi kabisa hakiji saa sita kamili bali kama saa sita na dakika 38, hasa kwa sababu saa zetu hufuata longitudo ya 45, iliyo mashariki yetu. Kwa uwiano wa kijiti na kivuli chake wanapata urefu wa maghorofa ya Soweto East, Kibera, bila kupanda ngazi. (Jua likikubali. Agosti ya Nairobi ni mawingu na sweta.)

Si mambo mageni. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, kupitia Map Kibera, walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakaweka vyoo, zahanati na shule kwenye ramani ya OpenStreetMap. Kule Maseno, African Maths Initiative ilianza kambi ya hisabati mwaka 2011, na wazo likafika Ethiopia na Ghana.

Tahadhari moja: kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza tuisheni za likizo. Kambi inayowakalisha watoto wakinakili maswali ya mitihani iliyopita ni tuisheni iliyobadilishwa jina, na kwa maoni yangu haistahili hata dola moja ya mchangiaji.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa, omba ratiba ya siku nzima na orodha ya manunuzi. Ukiona chakula cha mchana, posho ya wakufunzi, kodi ya ukumbi, sirinji, futi na kamba, changa. Kompyuta zinaweza kungoja mpaka mwandalizi aonyeshe mlango wenye kufuli na mtu wa kuzitengeneza.