Kinachofunguka Muhogo Unapolowekwa

Kuanzia Kasulu hadi Kibondo, ugali wa muhogo ni chakula cha kawaida, na muhogo mchungu haukosi shambani kwa kuwa nguruwe pori na wezi huuepuka. Anayeuandaa anajua utaratibu: umenye, uuloweke siku tatu hadi nne mpaka ulainike, uuvunjevunje, uuanike, ndipo uutwange au uupeleke mashineni. Utaratibu huo ni kemia, na hatua zake zikipanguliwa, sumu hubaki kwenye unga.

Viumbe hai vimejengwa kwa molekyuli, yaani atomi zilizofungamana. Kifungo kilicho imara zaidi mwilini ni kile ambacho atomi mbili huchangia elektroni. Kaboni inaweza kufanya vifungo vinne vya namna hiyo, naitrojeni vitatu, oksijeni viwili na hidrojeni kimoja. Kwa uwezo wake huo, kaboni imekuwa uti wa mgongo wa wanga, mafuta, protini na DNA. Chumvi ya Uvinza ni tofauti: chembe zake za sodiamu na kloridi hushikana kwa mvutano wa chaji chanya na hasi, na ukiitia kwenye mboga, maji huzitenganisha mara moja. Tena kuna vifungo vya hidrojeni, dhaifu, ambavyo hukatika kwa joto la jikoni.

Sasa tazama glukosi, sukari yenye kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6. Mmea wa muhogo huitumia kwa njia tatu. Ukiziunganisha glukosi kama shanga kwenye uzi kwa kifungo kiitwacho alfa, unapata wanga, ambao kimeng'enya cha mate, amilasi, huanza kuumeng'enya ukingali mdomoni. Ukizifunga kwa kifungo cha beta, ambacho kimeelekea upande mwingine, unapata selulosi ya shina na nyuzi, na tumbo letu haliiwezi. Njia ya tatu ni kuifunga glukosi moja, kwa beta vilevile, na kipande chenye sianidi. Hiyo ndiyo linamarini, sumu ya muhogo.

Ndani ya sianidi, kaboni na naitrojeni zimeshikana kwa vifungo vitatu kwa pamoja. Hakuna moto wa kuni wala jua la kiangazi litakalovikata. Mpishi basi haivunji sianidi; anaitenga na sukari ili iondoke yenyewe. Kazi ya kuitenga hufanywa na kimeng'enya cha muhogo huohuo, linamarasi. Muhogo ukiwa mzima, linamarini imo kwenye vifuko ndani ya seli na linamarasi iko kwenye ukuta wa seli, kwa hiyo hazikutani. Kuloweka hulainisha kuta hizo na kuvunjavunja huzipasua. Zikikutana, kifungo cha beta hukatika, kipande kilichobaki huachia hidrojeni sianidi, na hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Sehemu yake huyeyuka kwenye maji yanayomwagwa, nyingine hupaa wakati wa kuanika.

Ndiyo sababu moto huja mwisho. Ukichemsha vipande vikubwa vya muhogo mchungu kabla ya kuuloweka, joto huharibu linamarasi, ambayo ni protini, huku linamarini ikistahimili. Muhogo unaiva, sumu inabaki, na bakteria wa utumboni wanaweza kuifungua baadaye. Kuusonga ugali nako hakuokoi. Maji ya moto, kuanzia nyuzi 60 hivi, hukata vifungo vya hidrojeni ndani ya chembe za wanga, maji yakaingia na ugali ukashika, lakini vifungo imara havitikisiki.

Madhara yamewahi kuonekana nchini. Mwaka 1985, wakati wa ukame, Tarime ilikumbwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiotibika. Baadaye ukajitokeza Mtwara. Ukame huongeza linamarini kwenye mizizi, na njaa huwafanya watu wafupishe siku za kuloweka. Mboga nayo huhesabika. Mwili hugeuza sianidi kuwa tiosianati, isiyo kali kama sianidi yenyewe, kwa kutumia salfa kutoka kwenye protini. Maharage ya Kasulu yana salfa hiyo kidogo. Dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika ina zaidi. Anayekula ugali wa muhogo mchungu kwa mboga ya majani pekee, siku nenda rudi, ndiye aliye hatarini.

FAO na WHO zimeweka kikomo cha miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Ukiwa na shaka na unga ulionunua sokoni, ipo njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia: uchanganye unga na maji, uutandaze tabaka jembamba juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha upike siku hiyohiyo. Maji huipa linamarasi iliyobaki nafasi ya kumalizia kazi. Njia hii hainuii kuchukua nafasi ya kuloweka. Ni kinga ya ziada, na haihitaji kuni hata kipande kimoja.