Kwenu wapi? Swali zito kwa waliolelewa nchi mbili

Na Mwandishi wa Masuala ya Kanda, Bujumbura

KWA Waswahili, "Kwenu wapi?" ni swali la kufungulia mazungumzo. Anayeulizwa hutaja kijiji au mtaa, maongezi yakaendelea. Lakini hapa Bujumbura wapo watu ambao swali hilo huwanyamazisha kwanza. Walizaliwa Tanzania kwa wazazi Warundi, wakasoma kwa Kiswahili, kisha wakaletwa "nyumbani", mahali ambapo hawakuwahi kupakanyaga.

Chanzo ni mwaka 1972. Mauaji yaliyoanza mwishoni mwa Aprili mwaka huo yaliwakimbiza Warundi wengi, hasa wa kusini, hadi ng'ambo ya mpaka. Tanzania iliwapa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, na pia Katumba na Mishamo, ambayo leo yako mkoani Katavi. Wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku. Wakapata watoto na wajukuu.

Mwaka 2007, serikali hizo mbili na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) zilikubaliana kuwapa hiari. Watu wapatao 218,000 waliulizwa: mnabaki au mnarudi? Takriban wanne kati ya watano walichagua uraia wa Tanzania. Waliotaka kurudi walianza safari mwaka 2008, na zaidi ya 50,000 wakavuka mpaka.

Kubaki nako hakukuwa rahisi. Zaidi ya watu 162,000 waliidhinishiwa uraia mwaka 2010, lakini vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Walitakiwa kuukana uraia wa Burundi, na cheti cha Tanzania hakijafika mkononi. Miaka minne walikaa katikati, si wa huku wala si wa kule.

Shamba na darasa

Waliorudi walikutana na mambo mawili. La kwanza ni ardhi. Kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, mashamba mengi ya waliokimbia yalikuwa na wenyewe wengine. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimtambua aliyekalia ardhi kwa miaka 30, na waliokimbia walikuwa nje zaidi ya miaka hiyo. Serikali iliunda tume ya ardhi mwaka 2006 kusuluhisha. Kijana aliyezaliwa Mishamo alidai shamba ambalo hajaliona, kwa mtu aliyezaliwa humo humo. Kila mmoja alisema ni kwao, na kila mmoja alikuwa na sababu.

La pili ni lugha. Shule za Burundi hufundisha kwa Kirundi, kisha Kifaransa. Mtoto aliyetoka Katumba alikuja na Kiswahili, na mkubwa wake na Kiingereza kidogo cha sekondari. Wengi walirudishwa madarasa ya chini, wakakaa dawati moja na watoto wadogo. Mitaani waliitwa Watanzania, ilhali Tanzania walikuwa wakiitwa Warundi.

Ndiyo maana mtaa kama Buyenzi una thamani yake. Hapo Kiswahili si cha mgeni. Kimezungumzwa kwa vizazi, na lafudhi ya Tabora haimshangazi mtu.

Jambo hili halijaisha. Baada ya machafuko ya mwaka 2015, zaidi ya watu 400,000 walikimbia nchi, wengi wao kwenda Tanzania. Wengi wamerudi, na wapo watoto waliozaliwa kambini Nduta na Nyarugusu ambao watakutana na swali lile lile.

Jumuiya na jibu lake

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007, mwaka ule ule wakimbizi wa 1972 walipowekewa hiari yao. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa raia haki ya kwenda, kufanya kazi na kuishi katika nchi mwanachama. Hata hivyo, masuala ya ardhi itifaki hiyo imeyaachia sheria za kila nchi. Burundi inaruhusu uraia pacha, Tanzania hairuhusu.

Maana yake ni kwamba ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja Mrundi na mwingine Mtanzania, wanaweza kutembeleana na hata kuajiriwa upande wa pili, lakini hawawezi kurithi shamba la baba kwa usawa. Hapo ndipo utangamano unapopimwa.

Wahenga walisema mtu kwao. Lakini kwao ni wapi kwa mtu ambaye kaburi la babu yake liko Rumonge na la baba yake liko Mishamo? Tusimlazimishe kuchagua kaburi moja. Jumuiya itakuwa imefika mbali siku atakapoweza kutaja yote mawili, na asitokee afisa wa mpakani, mwalimu wala jirani wa kumuuliza tena, "Lakini hasa, kwenu wapi?"