Barabara Ikija, Bei ya Kiwanja Hubadilika

Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam, kati ya Kimara na Kivukoni, yalipewa njia yao peke yao. Hapo ndipo ilipo siri ya bei ya ardhi: mnunuzi halipii udongo tu, hulipia pia wepesi wa kufika kazini, sokoni na hospitalini. Nauli na muda vikipungua, kilichookolewa huhamia katika bei ya kiwanja.

Sisi wa Nsemulwa tusidhani hayo ni ya Dar es Salaam pekee. Mpanda yetu ilifungukiwa na reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210, iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Leo pikipiki ndiyo basi letu, na kadiri uendavyo mbali na lami, nauli hupanda na bei ya kiwanja hushuka. Dalali aliyesikia habari za barabara mpya humwahi mjane asiyezisikia.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuwalaki wenye misafara nje ya mji na kununua bidhaa zao kabla hawajajua bei ya soko. Kununua shamba la mayatima kwa bei ya pori, hali wajua barabara yaja, ni mwenendo uo huo.

Basi kabla ya kuuza ardhi ya mirathi, tuulize Manispaa ramani yasemaje, warithi wote waketi pamoja, bei ilinganishwe na ya jirani, na mauzo yaandikwe mbele ya mashahidi. Ardhi ya watoto ikishauzwa, hairudi.