Bingwa, tabibu na rufaa isiyorudi Newala na Masasi

MGONJWA wa kijijini Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hana daktari wa familia kwa maana ijulikanayo Ulaya. Aliye naye ni tabibu wa zahanati, mwenye stashahada ya miaka mitatu, ambaye huenda amemtibu yeye, mama yake na watoto wake.

Udaktari wa familia kama fani ya ubingwa ulianza kufundishwa nchini mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam. Hata hivyo, vijijini mzigo huo umebaki kwa matabibu.

Ugonjwa ukimshinda tabibu, rufaa hupanda ngazi: kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya ya Newala au Mkomaindo iliyopo Masasi, ama hospitali ya misheni ya Ndanda. Juu yake ipo Ligula, hospitali ya mkoa mjini Mtwara, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini.

Kwenye ngazi hiyo ndipo hukumu hukosewa. Bingwa huletewa waliochelewa na waliozidiwa. Mamia waliopona malaria au nimonia palepale zahanati hawaoni kamwe. Ni rahisi basi kumpima tabibu kwa makosa yake pekee.

Ushahidi uliopo unataka tahadhari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma ulionyesha kuwa upasuaji wa dharura wa uzazi ulifanywa zaidi na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa kiasi kikubwa na ya madaktari wenye shahada. Masasi yenyewe ina historia yake: Dk. Leader Stirling, Mwingereza aliyekuja kuwa Waziri wa Afya miaka ya 1970, alifanya kazi Lulindi akipasua, akizalisha na kutibu homa za kila siku. Pasipo mwingine wa kupokea rufaa, mpaka kati ya bingwa na daktari wa kawaida haukuwa na maana.

Mwaka 2024 Serikali ilianza kupeleka timu za mabingwa katika hospitali za halmashauri kwa siku chache, watibu na kuwafundisha wenyeji. Bingwa aliyefanya kazi bega kwa bega na tabibu huiandika barua yake kwa namna nyingine.

Na barua ndiyo kiini. Rufaa hupanda na maelezo. Mgonjwa hushuka mara nyingi na vidonge tu. Mwenye shinikizo la damu akirudi kijijini, tabibu hajui dozi ilibadilishwa kwa nini, wala apimwe tena lini. Dawa zikiisha, huanzishiwa zile za awali, na baada ya muda hurudi Mtwara akiwa amepooza upande mmoja.

Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini anayo haki ya kuomba muhtasari wa matibabu yake kwa maandishi. Ausomewe kabla ya kuondoka, kisha aufikishe zahanati hata kama anajisikia mzima.