Je, Wajua? Mtu Huweza Kuishi Bila Mfuko wa Tumbo

Mwaka 1897, mjini Zurich, daktari Carl Schlatter alimwondolea mgonjwa wa saratani mfuko wote wa tumbo. Akauunganisha umio na utumbo mwembamba. Mgonjwa aliishi zaidi ya mwaka mmoja.

• Nchini Japani, saratani ikikutwa bado iko kwenye tabaka za ndani za ukuta wa mfuko wa tumbo, wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baada ya upasuaji.

• Tezi za limfu zilizo jirani na mfuko wa tumbo hutolewa, na hupendekezwa zikaguliwe 16 au zaidi. Zenye saratani zikiwa nyingi, matumaini ya kupona hupungua.

• Bila mfuko wa tumbo, mwili haufyonzi vizuri vitamini B12, ila ini huwa na akiba yake ya miaka kadhaa. Ikiisha bila kuongezwa, damu hupungua.