Makovu ya Mierezi: Upekuzi wa Kiakiolojia Kabla ya Kukata Magogo

Katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada, magogo huvunwa kwa vitalu. Kampuni yenye leseni huchora kwenye ramani kitalu kitakachokatwa, barabara itakayopita na uwanja wa kulundika magogo. Ramani hiyo ndiyo humpeleka mwanaakiolojia msituni. Takriban asilimia 94 ya ardhi ya jimbo ni ya umma, hivyo uvunaji mwingi hufanyika kwa ruhusa ya serikali, na ruhusa hiyo ina masharti. Moja linatokana na Sheria ya Uhifadhi wa Malikale: maeneo yenye mabaki ya shughuli za wenyeji wa asili za kabla ya mwaka 1846 yanalindwa, hata kama hayajasajiliwa wala kuonwa na mtaalamu yeyote. Mwaka huo ndipo Uingereza na Marekani zilipogawana eneo hilo kwa Mkataba wa Oregon. Anayeyaharibu bila kibali ametenda kosa, kwa hiyo ni lazima kutafuta kwanza na kukata baadaye.

Mtu aliyezoea magofu ya Gede au Kilwa hutarajia kuona kuta na vigae. Katika misitu ya pwani ya Pasifiki kuta hakuna. Wenyeji walijenga kwa mbao, mvua huko ni nyingi mno, na mbao huoza. Ushahidi ulio wazi zaidi umesimama wima na bado unakua: ni mierezi myekundu, miti ambayo kwa ukoo iko karibu zaidi na mtarakwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki kuliko na mierezi ya Lebanoni. Majira ya machipuko, utomvu unapopanda, gome la mti huu huachia kirahisi. Wachumaji walikata mkato wa mlalo chini ya shina, wakashika ukingo wake, wakavuta huku wakirudi nyuma, hadi ukanda mrefu uliochongoka kwa juu ukachomoka. Gome la ndani lilisukwa mikeka, kamba, vikapu na mavazi. Kwa kuwa halikubanduliwa kuzunguka shina lote, mti uliendelea kuishi na kovu lake, na kila mwaka kingo za kovu hilo zikawa zinajikunja kuelekea katikati. Iko pia miti iliyopasuliwa mbao ingali imesimama, na iliyotobolewa ili kujua kama moyo wake umeoza kabla ya kuiangusha. Katika visiwa vya Haida Gwaii, mitumbwi iliyoachwa bila kumaliziwa ingali imelala kando ya visiki vyake, imefunikwa na kuvumwani.

Upekuzi huanzia mezani. Kiongozi wake hukagua rejista ya maeneo yaliyokwisha kuandikwa, picha za anga na ripoti za zamani, na hushauriana na taifa la wenyeji wa asili ambalo ardhi hiyo ni yake kwa jadi. Kisha hutengeneza ramani ya uwezekano: sehemu tambarare zilizo karibu na mito ya samoni, fukwe za kale na njia za milimani hupewa kipaumbele. Ramani hii huokoa muda na fedha, ila ina hila yake. Ikisema mahali fulani hakuna kitu, hakuna atakayekwenda kuangalia, na miaka kumi baadaye itakuwa ingali inasema hivyo hivyo.

Msituni kikosi huwa kidogo, na kwa kawaida huwa na wajumbe wa taifa husika, ambao mara nyingi ndio wanaojua njia na majina ya mahali. Watu hujipanga kwa safu na kutembea sambamba, kila mmoja akikagua ukanda wake. Kazi hii huchosha: magogo yaliyoanguka hufika kifuani, na mti wenye kovu upande mmoja tu hupitwa kirahisi na anayetokea upande wa pili. Panapoonekana pafaa, huchimbwa mashimo ya majaribio, na udongo wake hupitishwa kwenye chekeche kutafuta vipande vya mawe ya kuchonga, mkaa au magamba ya kombe.

Swali gumu ni kama kovu ni la mkono wa mtu. Dubu hubandua magome, radi hupasua mashina, na mti unaoanguka huwachubua majirani zake. Kiongozi hutazama mkato ulionyooka chini ya kovu, alama za shoka au patasi, na kama miti ya jirani ina makovu ya namna hiyo. Baada ya hapo hutumia keekee nyembamba iliyo wazi ndani kutoa kijiti cha mbao bila kuua mti. Huhesabu pete za mwaka zilizoota tangu kovu lilipotokea, na hesabu hiyo huamua mambo mengi: mti uliobanduliwa mwaka 1840 unalindwa na sheria, uliobanduliwa mwaka 1850 hauna kinga hiyo ya moja kwa moja. Ni mpaka wa wanadiplomasia. Waliobandua magome hawakuwa na habari nao.

Kilichopatikana hupewa namba ya usajili kwa mfumo uliobuniwa mwaka 1952 na Charles Borden wa Chuo Kikuu cha British Columbia, wa herufi nne za mraba wa ramani na namba ya mfuatano. Mahali penyewe hapatangazwi hadharani, kwa kuwaogopa waporaji. Njia bora ni kusogeza mpaka wa kitalu au kupindisha barabara. Kuacha kichaka kidogo cha mierezi katikati ya uwanja mtupu hakutoshi, maana upepo huiangusha yote msimu wa dhoruba. Ndiyo sababu ukanda wa kinga huachwa mpana, au mti hukatwa juu ya kovu ili shina fupi lisalie. Serikali ikiruhusu mti uangushwe, kipande cha shina hukatwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya kuupima umri.

Uzito wa makovu haya ulionekana katika kisiwa cha Meares. Mwaka 1984 kampuni ya MacMillan Bloedel ilijiandaa kukata miti huko, na wenyeji wa Tla-o-qui-aht na Ahousaht wakaipinga. Miti iliyobanduliwa ilikuwa sehemu ya ushahidi wao kwamba msitu huo umetumiwa na mababu zao, na mwaka 1985 mahakama ya rufaa ya jimbo ilisimamisha ukataji hadi kesi ya ardhi iamuliwe.

Kaskazini zaidi, katika msitu wa taifa wa Tongass huko Alaska, pango lililogunduliwa wakati wa ukaguzi uliotangulia mauzo ya magogo lilitoa, mwaka 1996, mifupa ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Uchimbaji ulisimamishwa hadi viongozi wa Watlingit, wenyeji wa asili wa huko, walipoarifiwa. Walikubali utafiti uendelee, na mtu huyo akapewa jina la Shuká Káa. Mwaka 2008 alizikwa upya kwa heshima zao.

Huko Haida Gwaii wamekwenda hatua moja mbele. Agizo la matumizi ya ardhi la mwaka 2010, lililofikiwa kati ya Wahaida na serikali ya jimbo, linawataka wapekuzi waandike pia mierezi ambayo haijaguswa na mtu: ile yenye kipenyo kinachozidi sentimita 100 na shina linalofaa kuchongwa mtumbwi au nguzo. Kwa hiyo mpekuzi wa huko hubeba utepe wa kupimia pamoja na keekee, na huhesabu miti ya wachongaji ambao bado hawajazaliwa.